Unga wa Karanga Kila Asubuhi

Kwetu ukimwambia mtu kwamba karanga zinaweza kumuua mtoto, kwanza anacheka. Akimaliza kucheka anakutazama vizuri, kuona kama umekunywa. Nimeishi na kicheko hicho miaka mingi na mpaka leo sijakizoea.

Lazima nieleze tunavyokula. Kutoka Baraka ziwani kupanda mpaka Fizi, karanga si kitu cha kutafuna wakati wa kungoja chakula. Karanga ndizo chakula. Zinatwangwa zikamiminwa katika sombe ya majani ya mihogo, katika mchicha wa lengalenga, juu ya ndagala, dagaa wetu wakavu. Zinachemshwa na maganda yake, zinakaangwa, zinapimwa kwa kikombe sokoni. Mgeni akifika, ugali haujaiva, anawekewa karanga ili mkono wake usikae bure. Shamba alilotuachia baba, upande wa vilima, lilikuwa la mihogo na karanga. Karanga ndizo zilizotuvalisha. Halafu katika nyumba hiyohiyo akatokea mtoto ambaye karanga zinamkaba koo.

Baba alitangulia kufa, kwa ugonjwa wa tumbo ambao hakuna aliyetuambia jina lake. Nilikuwa nimeanza sekondari. Mama alimfuata wakati kitinda mimba wetu bado ananyonya, hana hata jino. Tulibaki watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na huyo mtoto wa kike. Niliacha shule. Mwalimu alimtuma mtu aje kuniita, nikamwambia huyo mtu kwamba kama mwalimu atakuja kulima, mimi nitaenda kusoma. Hakutuma tena.

Mtoto mwenyewe alichukuliwa na shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, mpaka atembee. Hakukuwa na mwanamke wa kumnyonyesha, kwa hiyo masista wa misheni walitoa maziwa ya unga ya kopo. Hapo ndipo bamama wa kijiji walipokaa na kukata shauri, na shauri lenyewe lilikuwa la upendo mtupu. Walisema mtoto aliyelelewa kwa kopo ana tumbo la kizungu. Asichanganyiwe. Watoto wengine wote, mara tu wanapoanza kukaa, mama zao huwalambisha uji uliochanganywa na karanga zilizotwangwa laini, kwa kidole. Wetu alipewa maziwa, wali, na biskuti zikipatikana. Hakuna aliyekataza karanga. Waliona tu kwamba si vyakula vyake. Wakampa jina, Mutoto wa Kopo, na walipomwita hivyo walicheka kwa furaha.

Alirudi nyumbani kwangu akiwa anakimbia na kusema maneno mengi kuliko mtu mzima. Siku tulipokuwa tunang'oa karanga, mdogo wangu wa kiume alichemsha sufuria moja shambani, akampa dada yake kiganja. Alikula chache tu. Kwanza alijikuna shingo. Tukadhani ni siafu, tukamvua gauni na kulikung'uta. Kisha midomo ikavimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, akatapika, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya ndege. Nilimbeba mgongoni nikateremka naye mbio mpaka dispensari. Muuguzi alimtazama mara moja tu, akachukua sindano, akamchoma pajani. Baada ya muda akaanza kupumua kama mtu.

"Alikula nini?" muuguzi akauliza.

"Karanga."

"Mara ya kwanza?"

"Sijui. Nadhani ndiyo."

Muuguzi huyo alikuwa amesomea mjini, alijua jina la kitu hicho. "Hii ni alerji. Asikule tena kalanga. Hata moja. Hata mafuta yake."

Nilimuuliza nitafanyaje hivyo hapa Baraka. Akaniita raia, kama serikali ilivyotuamuru siku hizo: "Sitwayeni, mimi niko infirmye, siko polisi wa mboga." Kisha akaniambia kwamba sindano ile ilikuwa ya mwisho, na hajui nyingine itafika lini.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kugombana. Sikuzaliwa hivyo. Watu waliomjua baba wanasema alikuwa mpole, nami nilikuwa mpole. Lakini jaribu wewe kulinda mtoto mmoja dhidi ya vyungu vya kijiji kizima. Akienda kucheza kwa jirani, analishwa, kwa sababu kwetu mtoto aliyeko uani wakati wa chakula anakula, na kuuliza ni wa nani ni aibu. Akitoka kanisani, mwanamke fulani ana karanga katika pindo la kitenge. Kila mmoja nilimweleza. Kila mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema neno moja: kidogo tu haitamfanya kitu.

Shangazi ndiye aliyekuwa bingwa wa kidogo tu. Siku moja nilimkuta amemweka mtoto mapajani, kidole chake kimepakwa karanga, kimekaribia mdomo.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Namuzoeza."

"Atakufa mikononi mwako!"

"Afe na kalanga? Baba, mimi nilizaa tisa, wote nililambisha hivi. Kuko mwenye alikufa na kalanga? Wenye walikufa, walikufa na surua. Huyu munamuharibu na woga."

"Muuguzi alisema hata kidogo."

"Muuguzi mwenyewe alikula kalanga kwangu Siku ya Mungu. Sani nzima."

"Ni yeye anaumwa, au ni mtoto?"

"Unaona unavyonijibu? Shule uliacha, lakini midomo ya shule ulibakisha."

Nilichukua mtoto nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia akilamba kidole chake mwenyewe, kusudi nisikie.

Mbaya zaidi ni kwamba hata nyumbani kwangu, ambako karanga ziliishia ghalani chini ya kufuli, mtoto aliendelea kuwashwa na kuvimba macho mara kwa mara. Si kama siku ile, lakini ya kutosha kunikosesha amani. Nilipika mwenyewe. Sombe, mawese, chumvi, basi. Majirani walianza kusema kwamba si karanga hata kidogo, kuna mtu anayemtazama vibaya. Mmoja alitaja mpaka jina la mwanamke. Nilikwenda tena kwa muuguzi, nimechoka, nikamwambia mimi mboga yangu haina karanga na mtoto anawashwa.

"Sombe unatwangia wapi?"

"Kwenye kinu."

"Kinu ya nani?"

Kweli, kinu cha nani? Sisi hatukuwa na kinu. Mtaani kwetu vinu vilikuwa vichache, vilizunguka nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyekumbuka vizuri kipi kilitoka wapi. Asubuhi kinatwanga karanga kwa jirani wa juu, mchana kinatwanga sombe kwangu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nyumba inayokataa kuazima kinu haitofautiani na nyumba inayokataa kutoa moto. Nikaacha kuazima. Nikawa nasaga sombe juu ya jiwe, mwanaume mzima, nimepiga magoti. Wanawake waliopita njiani walipunguza mwendo ili waone vizuri.

Ndipo akaja daktari.

Alikuwa Mzungu kijana aliyetumwa katika hospitali ya misheni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kupita kiasi. Aliwatibu watu kama daktari yeyote, lakini siku za kupima watoto aliongeza kazi yake nyingine: alikaa na bamama waliopanga foleni na kumuuliza kila mmoja swali lilelile.

"Je, mama, mtoto wako alionja karanga kwa mara ya kwanza lini?"

Bamama waliangaliana. Mmoja akamjibu, "Dokteri, kalanga si ubatizo. Nani anashika siku yake?"

Foleni nzima ikaanguka kicheko. Yeye pia alicheka, kisha akarudi palepale: alikuwa anakaa tayari? Alikuwa na meno? Walimwona kama mtu mwenye kasoro kidogo. Kwa nini mtu asafiri kutoka Ulaya kuja kuuliza juu ya uji wa watoto?

Muuguzi wetu alipomweleza habari za dada yangu, daktari alikuja kijijini kesho yake na gari la misheni. Sijawahi kuona mtu akiufurahia ugonjwa hivyo. Nilikasirika, na nadhani aliona, kwa sababu alikaa chini kwenye kigoda akanieleza polepole. Kwao, alisema, watoto wa namna hii wapo, na madaktari wanachojua ni kuwaambia wasile. Huku ambako karanga zinaliwa kila siku, ametafuta na amempata huyu mmoja. Alitaka kujua alilelewaje. Nikamweleza habari za kopo, na tumbo la kizungu, na biskuti. Akaniomba nirudie.

"Kwa hiyo hakulambishwa kama wengine."

"Hapana."

"Labda ndiyo sababu," akasema. "Labda mwili unapokutana na karanga mapema, tumboni, unazichukua kama rafiki. Ukichelewa, unazichukua kama adui. Sina hakika. Mtoto mmoja si ushahidi. Ndiyo maana nauliza akina mama."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, maana gari likisimama kwangu lazima ajue limeleta nini. "Basi njo minasemaka!" akapiga makofi. "Angelambishwa! Mimi nilisema!"

Hakuwa amesema hata siku moja kabla ya ugonjwa. Yeye ndiye aliyemnyima. Lakini kumkumbusha hilo kungeleta vita, nami nilikuwa nimechoka.

Kisha daktari akaleta neno lililonikalia vibaya zaidi. Alitaka kumpa mtoto karanga.

Si karanga kama anavyotaka shangazi, alisema, bali unga wake, uliopimwa kwenye mizani ndogo ya dawa, mwanzo kiasi ambacho jicho linakiona kwa shida, katika uji, hospitalini, yeye mwenyewe akiwa pembeni na sindano iko tayari. Mtoto akivumilia, wiki nyingine wanaongeza. Akikataa, wanarudi nyuma. Kuna madaktari wa zamani waliowahi kujaribu hivyo na mayai. Kwa karanga, hakuna aliyeweza kumwambia itakuwaje.

"Itafaulu?"

"Sijui."

"Na ikimdhuru?"

"Inaweza kumdhuru. Ndiyo sababu kila kiasi kipya kitaanzia pale tu, si hapa, na si kwa mkono wa mtu mwingine yeyote." Alimtazama shangazi alipotamka hayo ya mwisho.

Niliomba siku za kufikiri. Mtu anapokwambia sijui mara nyingi hivyo, unaweza kumkimbia au unaweza kumwamini. Nilifikiri juu ya sahani zote za Baraka ambazo sitakuwepo kuzizuia, akiwa shuleni, akiwa sokoni, akiolewa huko mbali kwa watu ambao hawajui. Nilikubali. Yaliyobaki yote nilivumilia kwa sababu ya kukubali huko, na sijajuta, lakini asiseme mtu kwamba yalikuwa mepesi.

Kila siku ya kupimwa tuliamka mapema, nikamweka mtoto nyuma ya baiskeli, tukaenda misheni. Alikula uji, tukakaa mpaka jua la mchana, daktari akimtazama ngozi, tukarudi. Siku nyingine zote nilimpa nyumbani kiasi kilekile alichokwisha kukivumilia pale, kutoka vikaratasi alivyovikunja daktari. Mwili wake ulikuwa unajifunza. Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe. Aliuchukia unga ule kama sumu, na labda kwake ulikuwa sumu kweli.

"Yaya, inanuka." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Kula."

"Iko kama udongo."

"Udongo uliula sana ukiwa mdogo, hukulalamika."

"Kwa nini yaya mudogo hakuli?"

"Yeye hali unga kwa sababu yeye anakula karanga. Wewe unakula unga ili usife na karanga."

Alifikiri. "Sasa si ni kitu kimoja?"

Nilimkamata pua, nikamtia kijiko mdomoni.

Mambo yalipoanza kwenda vizuri, shangazi akalainika. Alimsikia daktari akiuliza kuhusu kinu cha kuazima, na jambo la vinu alilielewa. Siku moja akaja, watoto wake wawili wamebeba kitu kikubwa kimefunikwa kitenge. Kilikuwa kinu cha mama. Baada ya msiba kilikwenda kwake, akakiweka bila kukitumia, na mimi sikuwahi kukidai. Alikuwa amekisugua kwa mchanga, akakimwagia maji ya moto, akakianika juani mpaka kikawa cheupe.

"Sasa mutoto iko na kinu yake. Ya mama yake. Hakuna mutu mwingine atagusa."

Nilimshika mikono yote miwili. Kila aliyesikia alisema shangazi ametenda haki, na muuguzi mwenyewe alisifu. Jioni ileile nilitwanga sombe ndani yake, na dada yangu alikaa karibu akigusa ule mti, kwa sababu kilikuwa kitu cha kwanza alichoambiwa kwamba ni cha mama.

Kabla hajamaliza kula, shingo ilianza kumwasha. Macho yakavimba hata yakafumba. Tulipofika kwa daktari, kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na alichomwa sindano akiwa bado mgongoni mwangu.

Sasa kila mtu akawa na la kusema. Shangazi alipiga kelele katika uwanja wa hospitali kwamba dawa ya Mzungu ndiyo inamuua, inajikusanya tumboni, siku moja itapasuka. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri nisikubali mtoto afanyiwe majaribio. Hata daktari alikunja uso, akasema labda aliongeza haraka mno, labda lazima asimamishe yote. Nilisimama katikati yao, kila mmoja ananivuta upande wake, na hakuna aliyeuliza mtoto alikula nini.

Daktari ndiye aliyeuliza mwishowe, mtoto alipolala. Nilipotaja kinu kipya alitaka kukiona. Tulirudi naye nyumbani, shangazi amekaa nyuma ya gari, uso umekunjwa. Daktari alikitazama kile kinu, akapitisha kidole ndani, akaniomba maji ya moto sana. Tulimimina, tukasubiri. Juu ya maji kukatokea utando mwembamba unaong'aa. Mafuta. Yalikuwa yanatoka ndani ya mti wenyewe.

Shangazi aliinama akanusa. Hasira ilimtoka usoni. "Ni kalanga za mama yenu," akasema. "Alikuwa anatwanga muzuri sana. Hakuna mwenye alimushinda."

Hakukuwa na wa kumlaumu, na hilo lilinikera zaidi. Ningempata mtu wa kumlaumu, angalau ningelala.

Nilichongesha kinu kipya kutoka mti mbichi, daktari akakubali kuendelea, akirudi nyuma kidogo kwanza. Na mimi nikaweka sheria: kinu changu hakitoki, wala cha mtu hakiingii. Ilikuwa kama nimetangaza vita. Jirani alituma binti yake kuazima, nikakataa. Akaja mwenyewe.

"Minasikia kinu yako iko sasa ya bazungu."

"Si hivyo, mama. Mtoto anaumwa."

"Sisi tuko na uchafu?"

"Mna karanga."

"Na weye shamba yako inazaa nini? Muchele?"

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyoniudhi. Karanga zangu mwenyewe zilijaza ghala la nyumba hiyohiyo. Siku za salongo, tulipofagia barabara kwa amri, waliniimbia wimbo waliotunga wenyewe juu ya bwana wa kinu. Wanaume waliniuliza nitaolewa lini. Niliendelea kufagia.

Halafu daktari akaondoka. Waliomtuma walimwita arudi. Muda wake umekwisha, barabara imekuwa mbaya, sababu zilikuwa nyingi na hakuna iliyonisaidia. Dada yangu alikuwa amefika kwenye kiasi cha karanga moja hivi, iliyosagwa. Daktari alitaka kufika mbali zaidi. Alikuja kuaga akiwa na aibu.

"Usimwongezee," aliniambia. "Hata kidogo. Bila mtu mwenye sindano pembeni, usiongeze kamwe. Lakini kiasi hiki alichofikia usikikatize. Ukikatiza, nadhani mwili utasahau."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Unajua nini?" nilimuuliza. Sikumuuliza kwa adabu.

Alisema mwingine atakuja kuendeleza utafiti. Hakuja mtu. Miaka mingi baadaye, nywele zangu zimeanza mvi, nilisikia redioni kwamba wataalamu wa Ulaya sasa wanawashauri wazazi kuwaonjesha watoto wachanga karanga mapema, katika uji, ili wasipate ugonjwa huo. Nilizima redio. Nilifikiria foleni ile ya bamama wakicheka. Kisha nikaiwasha tena, kwa sababu nilitaka kusikia kama watasema lolote juu ya walio tayari na ugonjwa. Wakaingiza muziki.

Basi nikabaki na unga wangu, wa karanga za ghalani, na kijiko alichonipimia daktari. Kila asubuhi kabla ya shule, kijiko kilekile, kiasi kilekile, ugomvi uleule. Mvua, njaa, mimi nina homa, yeye ana mafua, tunagombana. Alijifunza kuficha unga shavuni na kuutema nyuma ya nyumba. Nikajifunza kumfanya aongee baada ya kumeza. Alikua, akaanza kuona aibu. Hakutaka rafiki zake wajue kwamba analishwa na kaka kama kifaranga. Muuguzi alipata sindano, zikaisha, akapata tena, zikaisha. Shangazi kila alipopita aliuliza, "Bado unamupa udongo yake?" na mimi kila mara nilijibu, "Bado."

Siku iliyokuwa ya hatari ilikuwa ya sherehe. Mkubwa fulani wa Chama alikuwa anapita Baraka, na watoto wa shule waliamriwa kuimba na kucheza uwanjani tangu asubuhi. Mkubwa alichelewa. Watoto walicheza juani mpaka wengine wakaanguka. Alipopita, alishusha kioo cha gari, akapunga mkono, akaenda zake. Baada ya hapo bamama waliokuwa wamepikia ujumbe wake waliwagawia watoto chakula kile, wali na sombe, na sombe ya mgeni mkubwa haiwezi kukosa karanga.

Mimi nilikuwa shambani. Mtoto mmoja wa jirani alikuja kuniita: dada yako amekula sahani nzima. Sahani nzima! Sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikihesabu kichwani watu wenye baiskeli, watu wenye pikipiki, nani angenipeleka misheni, na kwamba wiki ile muuguzi hakuwa na sindano.

Nilimkuta amekaa chini ya ukuta wa shule. Midomo ilikuwa minene, mikono imetoka vipele, anajikuna. Nilipiga magoti nikaweka sikio kifuani mwake mbele ya shule nzima.

"Yaya, acha! Banaangalia!"

Sauti yake ilikuwa nzito, ya kawaida, ya hasira. Sauti nzima. Nilimwambia aseme tena.

"Niseme nini?"

"Chochote. Endelea kuongea."

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Tangu asubuhi hatukukula. Hata weye ungekula."

Tulimpeleka dispensari, muuguzi akampa vidonge na kukaa naye akimsikiliza kifua. Hakuna filimbi iliyokuja. Vipele vilipanda, vikasimama, vikaanza kushuka. Muuguzi aliniangalia juu ya kichwa chake, akapumua kwa nguvu, akasema, "Ile unga ya kila asubuhi, sitwayeni. Njo imefanya hivi." Ni mtu pekee aliyewahi kuniambia hivyo. Nilitoka nje.

Nje palikuwa na watu tayari, na shangazi mbele yao. Alikuwa miongoni mwa wapishi. Nilipomwambia mtoto ni mzima alikaa chini akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Labda alilia kidogo. Alipofunua uso, ulikuwa umeng'aa.

"Unaona?" akawaambia watu. "Sani nzima! Sani nzima, na iko muzima! Miaka yote hii anatusumbua na kinu, anatusumbua na kufuli. Haikukuwa bugonjwa. Ilikuwa woga ya kaka yake."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mmoja akacheka. Nilirudi ndani kumchukua mtoto.

Asubuhi yake, macho bado yamevimba kidogo, dada yangu alisimama katikati ya nyumba amefunga mikono kifuani.

"Jana nilikula sani nzima. Leo sikuli unga."

"Jana ulivumilia sahani nzima kwa sababu ya unga."

"Shangazi anasema niko muzima."

"Shangazi hakukubeba mgongoni."

"Mpaka lini, yaya?"

Nilitaka kumwambia sijui, kama daktari alivyoniambia mimi. Lakini mtoto si mtu wa kuambiwa hivyo asubuhi, kengele ya shule imelia. "Mpaka uzae," nikasema, "halafu utagombana na wako."

Alinyakua kijiko akaula unga kwa hasira, akanionyesha mdomo wazi, ulimi juu na chini, bila kuombwa, akatoka mbio. Mlangoni alipishana na shangazi, ambaye alikuwa amebeba bakuli limefunikwa sahani, na harufu ya karanga ilikuwa imemtangulia.

"Minamuletea yake," shangazi akasema. "Sasa kwa sababu amepona."

Nilisimama mlangoni, nikaweka mkono mmoja kila upande wa fremu, nikaanza kumweleza upya, tangu mwanzo.